Milia minane ya rangi: mmeuliza, tunajibu

Barua za Mtwara na Lindi safari hii zimegongana mlango mmoja: ile picha ya milia ya rangi iliyosimama wima ambayo mafundi huiweka kwenye TV kabla ya kugusa chochote. Tumezipanga ili jibu la kwanza libebe mengine, kwa hiyo usiliruke hata kama huna projekta.

Ndugu wahariri, projekta ya shule yetu inaonyesha ukuta mweupe kama umepakwa manjano. Tunaiunganisha na kompyuta kwa waya wa VGA. Tumeambiwa taa imekwisha na tununue mpya. Ni kweli?
*Mwalimu, Nachingwea*

Mwalimu, shika fedha yako kwanza. Taa ikichoka, picha nzima hufifia. Haichagui rangi moja ikaiacha nyingine. Weka picha ya milia minane kwenye kompyuta, ijaze ukuta, kisha isome kutoka kushoto.

Kila mlia ni jibu la maswali matatu: kijani ipo? Nyekundu ipo? Bluu ipo? Mweupe una zote tatu. Wa njano una kijani na nyekundu. Wa samawati una kijani na bluu. Wa nne ni kijani peke yake. Wa majenta, ile rangi iliyo kati ya pinki na zambarau, una nyekundu na bluu. Kisha nyekundu peke yake, bluu peke yake, na wa mwisho, mweusi, hauna kitu. Sasa fuata rangi moja moja. Kijani inawaka milia minne, inazima minne. Nyekundu inawaka miwili, inazima miwili, halafu inarudia. Bluu inawaka mmoja, inazima mmoja, hadi mwisho.

Kwa hiyo rangi moja ikipotea njiani, milia inajipanga upya kwa namna isiyofichika. Bluu ikipotea, milia minane inakuwa minne minene: njano, kijani, nyekundu, nyeusi. Hilo ndilo tunalolitarajia ukutani kwako. Nyekundu ikipotea utaona samawati, kijani, samawati, kijani, bluu, nyeusi, bluu, nyeusi. Kijani ikipotea utaona majenta, nyekundu, bluu, nyeusi, kisha zilezile nne tena. Na kama milia minane bado ipo yote ila wa bluu umefifia na mweupe umeelekea njano kidogo, waya haujakatika. Mguso ni mbaya.

Chomoa waya utazame mdomo wake. Safu ya juu ni pini 1 hadi 5, ya kati 6 hadi 10, ya chini 11 hadi 15. Pini 1 ni nyekundu, 2 kijani, 3 bluu, na 6, 7, 8 ndizo njia za kurudi za rangi hizo tatu kwa mpangilio huohuo. Tafuta pini ya 3 iliyolala au kuzama ndani. Pini ya 9 mara nyingi haipo tangu kiwandani, usiitafute. Weka mita kwenye mlio, gusa pini 3 upande huu na pini 3 upande wa pili, huku mtu akiutikisa waya karibu na shingo ya plagi, maana ndipo unapokatikia. Kama una waya mwingine, badilisha tu. Ni rahisi kuliko maneno yote haya.

Ukibadilisha waya na njano ikabaki, angalia kama imetapakaa sawasawa. Kwenye projekta za paneli tatu za LCD, kichujio cha mwanga cha upande wa bluu ndicho huungua mapema kwa joto, hasa vumbi likiziba chujio la hewa. Dalili yake ni doa la njano lenye sura ya wingu, zito sehemu moja na jepesi kwingine. Waya mbovu hautoi mawingu.

Nina kibanda umiza chenye TV tatu za flati. Jezi ya Yanga kwenye moja ni kijani ya majani ya mkorosho, kwenye ya pili inaelekea bluu, ya tatu imepauka. Wateja wanagombania benchi. Nifanyeje zifanane?
*Mwenye kibanda, Tandahimba*

Hazitafanana kama mapacha, kwa sababu vioo vyenyewe ni tofauti, lakini ugomvi wa benchi utaisha. Kwanza tengeneza faili la milia kwenye kompyuta yenye programu ya bure ya ffmpeg. Amri ni mstari mmoja:

ffmpeg -f lavfi -i smptehdbars=size=1920x1080:rate=25 -f lavfi -i sine=frequency=1000 -t 600 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -c:a aac milia.mp4

Utapata video ya dakika kumi yenye milia na mlio wa hezi 1000. Kipande cha yuv420p usikiache. Ukikiacha, kompyuta inacheza vizuri lakini TV nyingi zinagoma, au zinatoa sauti bila picha, kwa sababu faili limetoka katika mfumo wa rangi ambao chipu ya TV haiufungui. Flashi yenyewe iwe imefomatiwa kwa FAT32.

Kabla ya kugusa namba yoyote, acha TV ziwake nusu saa. Zote tatu ziweke mtindo mmoja wa picha, wa sinema au wa kawaida, kamwe usiwe ule wa kung'aza dukani. Zima kila kinachojirekebisha chenyewe: kontrasti inayojibadili, uokoaji umeme, kihisi cha mwanga wa chumba. Usipovizima utakuwa unafukuza kivuli, maana TV inabadilika wewe ukiwa bado unashika rimoti. Joto la rangi liwe la namna moja kwa zote, na mara nyingi "warm" ndiyo inayotuliza ile kijani inayokimbilia bluu.

Anza na weusi. Chini ya picha, kulia kwa kisanduku cheupe, kuna vijimstari vitatu vyembamba ndani ya eneo jeusi. Cha kushoto ni cheusi kuliko nyeusi, cha kati kimeizidi nyeusi kwa asilimia 2, cha kulia kwa asilimia 4. Punguza au ongeza "brightness" mpaka cha kulia kionekane, cha kati kionekane kwa shida, na cha kushoto kipotee kabisa. Funga madirisha ya kibanda wakati huo, kwa sababu ukirekebisha weusi mchana wa jua, usiku utakuwa kijivu.

Kisha ukolevu wa rangi. Hapa unahitaji kuona bluu peke yake. Baadhi ya TV za Samsung zina kipengele cha kuonyesha rangi moja tu kwenye mipangilio ya kitaalamu ya picha. TV isiyo nacho, tumia karatasi ya plastiki ya bluu, ile ya kufungia zawadi. Moja haitoshi. Ongeza tabaka hadi mlia wa njano, wa kijani na wa nyekundu iwe myeusi kabisa ukitazama kupitia hapo. Kama hata tabaka nne bado zinaiona kijani, karatasi hiyo haifai, tafuta nyingine. Ikifaa, ukiacha kijivu iliyokoza ya pembeni kabisa, inayobaki inawaka ni milia minne tu: wa kijivu chepesi ulio jirani na njano, wa samawati, wa majenta na wa bluu. Rekebisha "colour" mpaka huo wa kijivu chepesi upande mmoja na wa bluu upande mwingine ing'ae sawa. Kama wa bluu unang'aa zaidi, rangi imezidi. Ukiuona umefifia, rangi imepungua, na ndipo jezi inapopauka.

Sasa jambo linalowaponza wengi: TV hutunza mipangilio ya kila mlango kivyake. Ukirekebisha ukiwa kwenye USB, mlango wa HDMI wa king'amuzi unabaki kama ulivyokuwa, na mechi ikianza utadhani umepoteza jioni bure. Kama king'amuzi chako kinacheza video kutoka kwenye flashi, pitishia milia humo. Kama hakichezi, andika namba ulizopata kwenye karatasi uziingize kwenye mlango wa HDMI kwa mkono. Hapo pia tazama kipengele cha "black level" au "RGB range": kikipishana na king'amuzi, weusi unageuka moshi au nywele za wachezaji zinakuwa doa moja jeusi.

Na kama unagawa picha kwa waya wa AV wenye kichwa cha Y, acha. Kila TV inabeba omu 75. Mbili zikishika waya mmoja zinakuwa 37.5, na ishara iliyotakiwa kuwa volti 0.7 inashuka hadi 0.47 hivi. Picha inafifia, na ukiweka ya tatu inaanza kuyumba. Kigawio chenye umeme wake, cha HDMI au cha AV, ndicho dawa.

Kuna picha za milia saba na za milia minane, zingine zina vijisanduku chini. Ipi ni sahihi?
*Msomaji, Lindi mjini*

Zote. Ya milia minane ya urefu kamili ni desturi ya Ulaya. Ile ya saba yenye safu tatu ni ya Marekani, iliyotokana na kazi ya maabara ya CBS katika miaka ya 1970 na kukubaliwa na chama cha wahandisi wa filamu na televisheni, SMPTE. Safu yake ya kati, ile nyembamba, ni milia ya bluu iliyopangwa kinyume, ili ukitazama bluu peke yake ulinganishe mlia na jirani yake wa chini bila kuhamisha jicho.

Mpangilio wenyewe umefuata mwanga. Nyeupe ikiwa 100, njano ni 89, samawati 70, kijani 59, majenta 41, nyekundu 30, bluu 11, nyeusi 0. Ukishusha "colour" hadi sifuri lazima uone ngazi ya kijivu inayoshuka bila kupanda hata hatua moja. Ikipanda, kuna rangi mbili zimebadilishana.

Ukiona imeandikwa 75, maana yake milia ya rangi imepunguzwa hadi robo tatu. Sababu yake ni ya zamani za analojia: kwenye PAL, mfumo wa zamani wa kurusha rangi za TV, njano iliyokolea kabisa hupanda theluthi moja juu ya nyeupe, na mtambo wa kurushia ulikuwa unaikata. Kwa kuchora mwenyewe kwenye kompyuta, 75 ni namba 191 kati ya 255. Picha ya 1920 kwa 1080 inatoa milia minane ya pikseli 240 kila mmoja.

Nasoma umeme VETA. Nataka kujenga kifaa kidogo cha kutoa milia kwenye monita ya VGA kwa kutumia Arduino Uno. Nimejaribu, milia inatoka lakini kingo zake zina meno kama msumeno. Kosa liko wapi?
*Mwanafunzi, Mtwara*

Umefika mbali, kijana. Meno hayo ni ya intarapti, yaani chipu kukatizwa kazi moja ili ifanye nyingine, na tutafika hapo. Tupitie kifaa chote ili na wengine wajenge.

Rezista tatu za omu 470, moja kwa kila rangi. Volti 5 ikipita omu 470 na kukuta omu 75 za monita, inabaki volti 0.69, na monita inataka 0.7. Ukitumia bodi ya volti 3.3, weka omu 270. Bluu iende A0, nyekundu A1, kijani A2. Mpangilio huo tumeuchagua kwa makusudi: kijani ikiwa biti ya juu na bluu ya chini, nyeupe ni 7, njano 6, samawati 5, kijani 4, majenta 3, nyekundu 2, bluu 1, nyeusi 0. Huhitaji jedwali la rangi. Unahesabu kurudi nyuma kwenye PORTC, jina la pini hizo za A kwa pamoja ndani ya chipu, na milia inajipanga yenyewe.

Mdundo wa 640 kwa 480 unataka mistari 525, kila mmoja mikrosekunde 31.78. Kwa saa ya megahezi 16 hiyo ni mizunguko 508. Weka Taima 1 kwenye modi ya 14, ICR1 (urefu wa mstari) iwe 507, OCR1A (urefu wa mdundo) iwe 60 kwa mfumo uliogeuzwa, na pini 9 itatoa yenyewe mdundo wa mlalo, ule unaoiambia monita ianze mstari mpya, unaokaa chini mizunguko 61. Pini 9 iende kwenye pini 13 ya VGA. Mdundo wa wima, unaoanzisha picha mpya kwenye pini 14 ya VGA, utoe kwa kuhesabu mistari: chini kwa mistari 2, subiri 33, chora 480, acha 10. Ardhi iunganishe na pini 5, 6, 7, 8 na 10.

Ndani ya mstari, subiri hadi mzunguko wa 92 hivi, kisha andika 7 na kungoja jumla ya mizunguko 50, andika 6, ngoja 50, na kuendelea. Kwa C, kuandika kunakula mizunguko 2, basi __builtin_avr_delay_cycles(48) inajaza iliyobaki. Mlia wa nane ni mweusi, kwa hiyo ukishaandika 0 umemaliza mstari. Toka papo hapo. Una mizunguko 66 tu kabla ya mstari mwingine, na ukingoja mlia mweusi upite utachelewa.

Meno sasa. Intarapti haiingii hadi amri inayoendelea iishe, na amri za AVR hazilingani urefu. Mstari huu unaanza mzunguko mmoja mapema, unaofuata miwili baadaye, na ukingo unakuwa msumeno. Dawa ni kuilaza chipu: kitanzi kikuu kiwe na amri ya kulala tu, modi ya "idle", isiwe na kazi nyingine. Chipu iliyolala huamka kwa muda uleule kila mara. Zima pia Taima 0, ile inayoendesha millis(), maana hujipenyeza kila milisekunde moja hivi na kusukuma mstari mmoja pembeni. Ukiona mstari mmoja mmoja unaruka badala ya ukingo wote kuwa na meno, ndiye huyo.

Makosa mengine mawili. Ukiacha rangi ikiwaka wakati wa mdundo, monita inaichukua rangi hiyo kuwa ndiyo nyeusi, na picha yote inageuka au inafifia. PORTC iwe 0 nje ya mistari 480, bila kusahau. Na kama mlia wa pili ni samawati na wa tatu njano, umebadilisha waya wa nyekundu na wa bluu.

HDMI usiijaribu kwa Uno. Hata picha hiyo ndogo inataka biti milioni 250 hivi kwa sekunde kwenye kila jozi ya rangi. AV ya rangi nayo ni mzigo, kwa sababu PAL inataka wimbi la megahezi 4.43361875 linalogeuzwa kila mstari. Ngazi ya kijivu bila rangi inawezekana, na mstari wa PAL una mikrosekunde 64, ambazo ni mizunguko 1024 kamili.

Bado natengeneza TV za chogo. Moja ya inchi 21 inaonyesha milia ya AV kwa kijivu tu. Nyingine ina rangi lakini kona ya juu mlia mweupe una doa la kijani. Msaada.
*Fundi, Mikindani*

Fundi, ya kwanza imekupa nusu ya jibu. Kama ngazi ya kijivu inashuka vizuri, njia ya mwanga ni nzima na iliyopotea ni rangi tu. Anza menyu: mfumo uwe PAL au otomatiki, kisha angalia deki yako ya DVD isiwe inatoa NTSC, mfumo wa rangi wa Marekani. Halafu tazama jeki. Kwenye TV zenye jeki ya kijani, ya bluu na ya nyekundu, waya wa njano ukichomekwa kwenye kijani hutoa picha hiyohiyo ya kijivu. Ikishindikana, nenda kwenye kristali ya megahezi 4.43, inayotoa lile wimbi la rangi la PAL, ambayo ni ya bei ndogo, na kuijaribu ni kuibadilisha. Vijidoto vinavyotambaa kwenye mpaka wa kijani na majenta si ugonjwa, ni tabia ya AV.

Hapo pwani jeki huota ukijani wa chumvi. Mswaki mkavu kwanza, kisha spiriti, kisha jaribu tena kabla hujafungua bodi.

Doa la kona halipimwi kwa milia. Weka kioo chote chekundu, doa litaonekana ukubwa wake halisi. Doa hilo ni la sumaku, kwa hiyo ondoa spika iliyo jirani. Zima TV nusu saa ili posista, kijisehemu kinachoipa umeme kwa muda mfupi koili ya kuondoa sumaku, ipoe, kisha iwashe usikilize ule mvumo mfupi wa koili. Ukikosa mvumo, posista imekufa. Kama unatumia koili ya mkono ya kuondoa sumaku, izungushe mbele ya kioo, rudi nyuma taratibu hadi mita mbili, ndipo uizime. Ukiizima ukiwa karibu, unaacha doa kubwa kuliko la mwanzo. Na kofia ya tyubu usiiguse kabla ya kuitoa chaji, maana kwenye saizi hiyo inabeba zaidi ya volti 20,000 na hubaki nazo TV ikiwa imezimwa.

Nimetumiwa picha ya milia kwa WhatsApp. Mipaka ina ukungu. Ni TV yangu?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Ni WhatsApp. Imeibana kuwa JPEG, na JPEG huokoa nafasi kwa kupunguza usahihi wa rangi, si wa mwanga, ndiyo maana ukungu umeenea hasa kati ya nyekundu na bluu. Mwambie aliyekutumia aitume upya kama dokumenti, ikiwa PNG.